Vifaranga wangu wa siku 26 wanaharisha damu, 11 wameshakufa. Nimepewa dawa dukani lakini wanazidi kufa

#1 mama_banda, Alhamisi saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wa haraka, na samahani kwa uzi mrefu, sina hali nzuri.

Nipo Chanika, Dar. Nina vifaranga chotara 80, leo wana siku 26. Chanjo ya mdondo (kideri) nimewapa siku ya 7 na ya 21, Gumboro siku ya 14, hakuna niliyoruka. Mpaka Jumanne walikuwa wazima kabisa, wanagombania chakula. Jumatano asubuhi nikakuta matone mekundu kwenye maranda. Kwanza nikadhani wamedonoana. Mchana wakafa watatu. Leo wamekufa wanane. Waliobaki wengi wamejikunyata, mbawa zimeshuka, manyoya yamesimama, wanajibana pembeni kama wana baridi wakati joto lote hili.

Nilienda duka la dawa za mifugo, nikaeleza "vifaranga wanaharisha". Nikapewa unga wa njano, oxytetracycline, niweke kwenye maji. Nimewapa jana na leo. Hakuna nafuu ninayoiona.

Kuna anayeuza dawa kali zaidi? Au ndiyo nichinje waliobaki nipunguze hasara?

#2 Jogoo_la_Mtaa

Pole sana dada. Hiyo ni kideri, hakuna dawa. Uza fasta kabla hawajaisha.

#3 shubiri_mwitu

Usihangaike na madawa ya dukani. Chukua shubiri, katakata, loweka kwenye maji usiku kucha, asubuhi wape. Ongeza kitunguu saumu. Mimi miaka yote natumia hiyo na kuku wangu wanatanua kifua tu.

#4 Firigisi

Mama_banda, pole. Usiuze na usichinje kwanza. Mimi ni mtu wa mifugo, nimesoma diploma na huu ni mwaka wa 11 nazunguka kwenye mabanda ya watu. Lakini sipo Chanika na siwezi kuona kinyesi kwa simu, kwa hiyo nisaidie kwa macho yako.

Jogoo, mdondo wa vifaranga mara nyingi unakuja na kukohoa, kupumua kwa kuhema, kinyesi cha kijani, na wale wanaochelewa kufa wanapinda shingo. Hapa hatujaambiwa hata kimoja. Damu mbichi kwenye kinyesi cha kifaranga wa wiki tatu mpaka sita inanipeleka kwingine, ila sitaki kukisia wakati ushahidi umelala hapo bandani.

Una aliyekufa leo? Mpasue.

Najua inatisha. Vaa glavu (zamani ningesema vaa mfuko wa rambo mkononi, lakini imepigwa marufuku tangu 2019). Chagua aliyekufa karibuni zaidi, maana kwa joto la Dar aliyekaa nusu siku utumbo wake unaoza na utakudanganya. Mlaze chali, vunja mapaja yatanuke, chana ngozi ya tumbo, fungua chini ya kidari kwa mkasi. Utaona firigisi, ini, halafu utumbo. Fuata utumbo mpaka pale mwembamba unapokutana na mkubwa. Hapo pana vifuko viwili virefu vimelala ubavuni kama pembe, ndio utumbo kipofu. Niambie vina rangi gani na ndani yake kuna nini. Tazama pia ini, na uchane utumbo mwembamba kwa urefu uone kuta zake.

Ukimaliza mfukie chini sana au mchome, nawa kwa sabuni. Hakuna kumlisha mbwa.

#5 mama_banda, Alhamisi saa 4:05 usiku

Nimempasua. Mume wangu ameshika tochi huku amegeuza uso.

Vile vifuko viwili vimevimba, vina rangi nyekundu inayoelekea nyeusi. Nilipochana imetoka damu, nyingine imeganda kama ini la kuku. Utumbo mwembamba naona wa kawaida, labda mwekundu kidogo. Ini ni la rangi yake, sijaona madoa.

#6 Firigisi

Umefanya kazi ambayo wafugaji 9 kati ya 10 ninaowatembelea hawajawahi kuifanya (hiyo ni hesabu ya kichwa changu tu, msininukuu).

Ninachokiona hapo ni koksidiosisi. Ule ugonjwa tunaouita kuhara damu. Husababishwa na vijidudu vya jamii ya Eimeria, na si bakteria, ndiyo maana oxytetracycline, ambayo ni dawa ya bakteria, haikugusa kitu. Kuku ana aina saba za Eimeria na kila moja ina mtaa wake ndani ya utumbo. Inayokaa kwenye utumbo kipofu na kutoa damu namna hiyo ni Eimeria tenella. Kuna nyingine, necatrix, inashambulia katikati ya utumbo mwembamba, nayo inaua na kutoa damu, kwa kawaida kwa kuku wakubwa kidogo kuliko hawa. Acervulina inakaa juu kabisa, haitoi damu, kuku wanadumaa tu na kula bila kuongezeka, na mwenye kuku analaumu chakula.

Sasa swali moja. Nenda nyuma siku sita kabla ya damu ya kwanza, alhamisi iliyopita au kuamkia ijumaa. Kulitokea nini bandani?

#7 mama_banda

Mungu wangu. Alhamisi iliyopita usiku ile mvua kubwa. Bati la pembeni linavuja, maji yaliingia upande wa vinyweshea. Asubuhi maranda yalikuwa yamelowa, nikayageuza tu juu chini nikasema yatakauka. Umejuaje?

#8 Firigisi

Sikujua, nimehesabu. Kijidudu kinatoka na kinyesi kikiwa kama yai ambalo halijaiva. Kikiwa hivyo hakimdhuru kuku. Kikipata joto, hewa na unyevu, kinakomaa kwa siku moja au mbili. Kuku akikidonoa kinaingia kwenye kuta za utumbo, kinazaliana humo humo, na kwa tenella damu inaanza kuonekana siku ya nne au ya tano. Mvua alhamisi, kimekomaa jumamosi, damu jumatano. Mbegu ilikuwepo bandani kabla, hakuna banda lisilo nayo. Maranda uliyoyageuza ndiyo yaliyoiatamia.

Dawa: asubuhi mapema tafuta amprolium, ile ya unga wa asilimia 20. Kwa hali yako changanya gramu 12 kwa lita 10 za maji, siku tano. Baada ya hapo gramu 3 kwa lita 10 kwa wiki moja au mbili. Hizo ni hesabu za unga wa asilimia 20 tu, ukipewa wenye nguvu nyingine soma karatasi yake. Usipime kwa kijiko. Kama huna mizani nenda kwa muuza viungo akupimie, wale gramu 10 za iliki wanazijua vizuri.

Maji ya dawa yawe ndiyo maji pekee bandani, na yachanganywe upya kila siku. Usiweke kwenye chakula: kuku mgonjwa anaacha kula lakini anaendelea kunywa. Wale waliolala kabisa wadondoshee mdomoni kwa bomba la sindano, polepole, pembeni ya mdomo, wasipaliwe.

Na usiku huu huu toa maranda yote yaliyolowa. Usisubiri kesho.

#9 Kuku_wa_Kilifi

Nawasoma kutoka pwani ya Kenya. Huku agroveti watakupa toltrazuril ukiwa na pesa kidogo. Mimi hutumia ile ya asilimia 2.5, mililita moja kwa lita ya maji, siku mbili mfululizo basi. Ni ghali lakini hufanya kazi haraka. Firigisi waonaje?

#10 Firigisi

Kilifi, ni dawa nzuri na kipimo chako ni sahihi. Inaua hatua nyingi za kijidudu ndani ya utumbo, wakati amprolium inabana zile za mwanzo zaidi. Akiipata na mfuko unaruhusu, achukue. Ila isitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Zile za salfa nazo zinatibu, lakini nazichukia kwa vifaranga wanaotoka damu. Zikizidi kipimo au siku zinavuruga vitamini K mwilini, na hiyo ndiyo inayosaidia damu kuganda. Unamtibu kuku anayevuja kwa kitu kinachoweza kumfanya avuje zaidi. Watu wamepona nazo, sikatai, lakini zinataka mkono unaojua kupima.

#11 shubiri_mwitu

Naona mnaidharau dawa ya asili. Mwaka jana kuku wangu waliharisha damu, nikawapa shubiri siku sita, wakapona. Hiyo mnaielezaje?

#12 Firigisi

Sidharau. Lakini ugonjwa huu una mwisho wake wenyewe: kijidudu kikimaliza mizunguko yake kinatoka, na kuku ambaye hajafa ndani ya siku hizo anaanza kupona, tena akiwa na kinga dhidi ya aina hiyo. Ukimpa shubiri atapona siku ya sita, ukimpa maji matupu atapona siku ya sita. Wangapi walikufa katika hizo sita?

#13 shubiri_mwitu

Sikuhesabu.

#14 mama_banda, Ijumaa saa 3:20 asubuhi

Nimepata amprolium. Usiku tumetoa maranda yote, tumeweka makavu. Wamekufa wengine sita. Nimeshachanganya gramu 12 kwenye lita 10, na muuzaji kaniongezea multivitamini ya kuwapa nguvu maana wamechoka sana. Nimeweka zote pamoja. Wanakunywa vizuri.

#15 Firigisi

MWAGA HAYO MAJI. Samahani kwa herufi kubwa.

Amprolium inafanya kazi kwa ujanja. Umbo lake linafanana na vitamini B1. Kijidudu kinahitaji B1 ili kizaliane, kinaichukua amprolium kikidhani ni B1, kinakwama. Sasa wewe ukimwaga B1 ya kweli kwenye maji hayo hayo, na multivitamini nyingi zinayo, unampa adui chakula alichokuwa amenyimwa. Dawa inapoteza makali.

Changanya upya, amprolium peke yake. Vitamini utawapa ukimaliza zile siku tano za kwanza. Tafuta yenye A na K, ndizo zitakazosaidia utumbo ujijenge. Ukiendelea na kile kipimo kidogo, usizichanganye siku moja.

Huyo muuzaji si mtu mbaya, na hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote. Amprolium inasemwa vibaya mitaani kwamba "siku hizi haifanyi kazi", na ukichimba unakuta ndoo ilikuwa na vitamini.

#16 mama_banda

Nimemwaga. Nimechanganya upya.

#17 Mstaafu_Mlandizi

Nami nichangie la kwangu ili mcheke kidogo, maana uzi umekuwa mzito. Nilipoanza kufuga baada ya kustaafu niliona kila siku baadhi ya kuku wanatoa kinyesi laini, cha rangi ya kahawia, kinanata kama uji wa ulezi, kinanuka vibaya kupita kawaida. Nikatibu. Nikatibu tena. Miezi mitatu nanunua dawa. Mpaka afisa mifugo wa kata alipokuja kunieleza kuwa hicho ni kinyesi cha kawaida kinachotoka kwenye huo huo utumbo kipofu, na kuku mzima anakitoa mara kadhaa kwa siku katikati ya vinyesi vya kawaida. Nilikuwa natibu afya.

#18 Firigisi

Mstaafu, hujui ni wangapi wamepita hapo. Ule weupe juu ya kinyesi nao ni mkojo wa kuku, uache. Na siku za jua kali akinywa sana atatoa majimaji, si ugonjwa. Hata kautando ka rangi ya waridi kakitoka siku moja moja kwa kuku anayekula na kuchangamka, ni ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha. Mtazame kuku kwanza, ndipo utazame kinyesi.

#19 tembe_la_Moro

Nidandie uzi. Mimi ni kuku wakubwa, wanataga, wa kienyeji 35. Wanaharisha njano inayoelekea kijani, wanalala mmoja mmoja, kilemba kimepauka. Anakufa mmoja, siku mbili kimya, anakufa mwingine. Hii nayo ni kuhara damu bila damu?

#20 Firigisi

Hapana, usiwape amprolium. Umempasua yeyote?

#21 tembe_la_Moro

Nilimpasua wa jana baada ya kusoma post yako ya mwanzo. Ini kubwa, limekaa rangi ya shaba hivi, kama sufuria ya zamani. Utumbo sijaona damu.

#22 Firigisi

Ini la rangi ya shaba, kilemba kupauka, kufa kwa kudonoa donoa namna hiyo: mimi ningeanza kushuku homa ya matumbo ya kuku, ambayo ni bakteria, Salmonella. Hapa ndipo antibayotiki ina mahali pake. Lakini ipi? Bakteria hawa wengine wamezoea dawa kwa sababu tumezimwaga ovyo kwenye maji ya kuku wasiozihitaji. Wewe uko Morogoro, chuo kikuu cha kilimo, SUA, kipo hapo. Wapigie kwanza, kisha wapelekee kuku mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, kwenye ndoo yenye barafu. Wa Dar wana TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, pale Temeke.

Na jambo ambalo hutalipenda: wanaopona homa ya matumbo wengine wanabaki kuwa wabebaji, na ugonjwa unapita mpaka kwenye yai. Usiatamishe mayai ya kundi hilo. Mayai unayotaga sasa usiuze. Nawa mikono kila ukitoka bandani, watoto wasiingie.

#23 tembe_la_Moro

"Mayai unayotaga." Sitagi mkuu 😂 Lakini nimekuelewa. Jumatatu naenda SUA.

#24 Jogoo_la_Mtaa

Nakiri niliwahi kusema kideri bila kuuliza. Ila mtaani kwetu kila kuku akifa ni kideri. Je minyoo nayo haiwezi kutoa damu?

#25 Firigisi

Minyoo mingi ni mwizi wa polepole. Kuku anakonda kidari kinakuwa kama kisu, mayai yanapungua, kinyesi laini laini, wakati mwingine unaona mnyoo wenyewe mweupe mrefu kama tambi. Ikijaa sana inaweza kuziba utumbo na kuua, lakini haikuangushii vifaranga wanane kwa siku moja. Kumbuka piperazine inatoa ile minyoo ya mviringo mikubwa tu. Ukiona vipande kama punje za wali kwenye kinyesi, hao ni tegu, piperazine haiwasumbui, na kuku amewapata kwa kula wadudu kama mbawakawa na sisimizi.

#26 mama_banda, Jumapili saa 1:15 usiku

Taarifa. Ijumaa jumla wamekufa saba. Jumamosi wanne. Leo mmoja, na alikuwa wale niliokuwa nawadondoshea. Damu kwenye maranda imepungua sana, naona kahawia zaidi. Asubuhi hii nilipoingia na chakula wamekimbilia, si wote, lakini wamekimbilia. Nimekaa bandani nikalia.

Bati limezibwa. Vinyweshea nimevipandisha juu ya matofali, chini nimeweka wavu ili yakimwagika wasikanyage. Kuna jirani ananiambia nipulizie dawa ya kuua vijidudu banda zima.

#27 Firigisi

Hongera. Dawa nyingi za kupulizia haziui yai la Eimeria, gamba lake ni gumu kweli kweli. Kinachoishinda ni ukavu na moto. Maranda yakishikika mkononi yakabaki bonge, yatoe. Yakimwagika yakatawanyika, yako sawa. Hawa wakihama, toa maranda yote, piga moto sakafu na kuta kwa gesi kama ni tofali, acha banda tupu likae na jua wiki mbili. Na usiwachanganye vifaranga wapya na hawa wakubwa. Wao wameshapata kinga lakini wanaendelea kumwaga mbegu.

Wiki hii angalia kitu kimoja. Utumbo uliochanwa na Eimeria unaweza kuvamiwa na bakteria wengine, Clostridium. Ukiona waliokuwa wanapona wanaanza kufa ghafla, unampasua na kukuta utumbo mwembamba umevimba kwa gesi na ndani umekuwa kama taulo chafu, rudi hapa siku hiyo hiyo. Na punguza dagaa kwenye chakula kwa sasa, protini ya samaki ikizidi hao bakteria wanaipenda.

#28 mama_banda, wiki tano baadaye

Naufufua uzi wangu. Walianza 80, wamebaki 57. Baada ya ile jumapili hakufa hata mmoja. Wapo kama kumi wamedumaa, wenzao wamewaacha kwa umbo, nadhani hao utumbo wao uliumia zaidi. Nitawala wenyewe nyumbani muda wa dawa ukishapita.

Juzi mvua imenyesha tena usiku. Saa nane niliamka, nikaenda na tochi, nikashika maranda kiganjani nikayabana. Yakatawanyika. Nikarudi kulala.

#29 tembe_la_Moro

Na mimi nirudishe majibu: maabara ilisema Salmonella kweli. Dawa niliyokuwa nayo ndani, ile aliyoniuzia mtu, ilikuwa kwenye orodha ya zilizoshindwa kumuua. Nimebakiza 22, siatamishi.

#30 Jogoo_la_Mtaa

Jamani, jirani yangu kuku wake watano wamekufa leo asubuhi. Nimemwambia asinyonyoe kwanza, nakuja na mkasi.